"Heiden" ni Nani? Uhakiki wa Wimbo wa Majilio wa Martin Luther kwa Sikio la Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Nyimbo za ibada hazihakikiwi mara nyingi katika kurasa za taaluma ya Kiswahili. Mhakiki wa fasihi huliachia kanisa kazi hiyo, na kanisa nalo huiachia kwaya. Matokeo yake ni kwamba maandishi yanayokaririwa na watu wengi kuliko shairi lolote la darasani hupita bila kuulizwa maswali ambayo shairi la Muyaka au la Shaaban Robert huulizwa pasipo kusita: Ni nani asemaye? Anasema kwa niaba ya nani? Na neno hili lilikuwa wapi kabla ya kufika hapa?

Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo kuhusu wimbo mmoja, nao ni "Nun komm, der Heiden Heiland", wimbo wa Majilio alioutunga Martin Luther na kuuchapisha mwaka 1524. Maana ya maneno hayo ya kwanza ni "Njoo sasa, Mwokozi wa Heiden". Neno la mwisho tumeliacha bila kulifasiri, kwa kuwa ndilo kiini cha uchunguzi wetu. Hoja tunayotaka kuitetea ni hii: neno lolote la Kiswahili litakalosimama mahali pa "Heiden" halina budi kuwa neno ambalo mwimbaji anaweza kujiita mwenyewe.

Tumeichagua Maniema ya kusini kuwa uwanja wa jaribio hili kwa sababu maalumu. Si kwamba Walutheri ni wengi huko. Kasongo na Kabambare zinajulikana zaidi kwa jamii kubwa na ya zamani ya Waislamu, na kwa Kanisa Katoliki, ambalo jimbo lake la Kasongo liliundwa mwaka 1959. Sababu yetu ni ya lugha. Kiswahili kilifika huko kwa njia ya misafara ya karne ya 19, na kilifika kikiwa tayari na maneno ya kuwagawa watu kati ya walio ndani na walio nje. Wimbo unaoanza kwa kuwataja walio nje hauwezi kuimbwa huko bila kuyagusa maneno hayo. Isitoshe, wimbo huu si mali ya Walutheri peke yao. Asili yake ni ya Kilatini, na Wakatoliki wanayo asili hiyo katika Liturujia ya Vipindi, katika siku za mwisho za Majilio kuanzia tarehe 17 Desemba.

2. Safari ya wimbo

Mtunzi wa kwanza ni Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4. Utenzi wake wa Kilatini hujulikana kwa maneno "Veni redemptor gentium". Hata hivyo, hayo hayakuwa maneno yake ya kwanza. Katika umbo la asili ulitanguliwa na ubeti mwingine, uliotoka katika Zaburi ya 80, ambao unamwita yeye aitawalaye Israeli asikilize. Baada ya ubeti huo ndipo inapofuata sauti ya pili, ile ya "gentes", yaani watu wasio wa Israeli. Mpangilio huo ulikuwa na maana kubwa: kwanza Israeli, kisha mataifa mengine, wenye nyumba, kisha wageni wanaobisha hodi.

Katika matumizi ya makanisa mengi ya Magharibi, ubeti wa Israeli uliachwa. Luther alifasiri utenzi uliokwisha kukatwa kichwa. Tokeo la ukataji huo halijatazamwa vya kutosha: "gentes", lililokuwa nusu ya jozi, likabaki peke yake. Neno ambalo maana yake ilikuwa "sisi tusio Israeli" likaweza kusikika kama "wale wasio sisi".

Luther aliufuata Ulatini kwa uaminifu mkubwa, ubeti kwa ubeti, nane kwa jumla, na muziki wake ukatokana na sauti ya Kilatini iliyorahisishwa. Johann Sebastian Bach aliutumia wimbo huo kuwa msingi wa kantata mbili, ya mwaka 1714 na ya mwaka 1724. Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika mwaka 1993, wimbo huo ni namba 4. Umeimbwa, basi, kwa miaka 500.

Lakini tangu mwanzo palikuwa na mashaka juu ya neno hili. Thomas Müntzer, aliyekuja kuwa hasimu mkubwa wa Luther na ambaye aliuawa mwaka 1525 baada ya vita vya wakulima, aliufasiri utenzi huo huo wa Ambrosi wakati ule ule. Yeye hakuandika "Heiden". Alichagua maneno yenye maana ya "watu wote". Mwaka 1851, William Reynolds aliutia wimbo wa Luther katika Kiingereza kwa neno lenye maana ya "mataifa". Mwaka 1971 mwanazuoni wa Uswisi, Markus Jenny, aliutunga upya kwa Kijerumani cha leo, na badala ya "Heiden" akaweka "ulimwengu wote". Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anayesita mbele ya neno hili hayuko peke yake, wala kusita kwake si udhaifu. Anasita mahali pale pale waliposita wenye lugha.

3. Ushahidi wa ubeti wa sita

Je, "Heiden" wa Luther ni nani? Jibu limo ndani ya wimbo wenyewe. Neno hilo linatokea mara moja tu, katika mstari wa kwanza, kisha halirudi tena. Beti zinazofuata zinasimulia kuzaliwa na Bikira, kisha shujaa anayetoka chumbani mwake na kukimbia njia yake, picha iliyotoka katika Zaburi ya 19. Ndipo katika ubeti wa sita Mwana aliye sawa na Baba anaombwa auimarishe mwili dhaifu. Mwili wa nani? Ambrosi anasema wazi kuwa ni mwili "wetu". Luther naye anasema ni mwili mgonjwa ulio "ndani yetu".

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Hakuna mtu wa tatu aliyeingia kati ya ubeti wa kwanza na wa sita. Wale waliotajwa kwa jina la "Heiden" mwanzoni ndio hao wanaosema "sisi" baadaye. Luther, mzaliwa wa Eisleben, alijua kwamba Wajerumani nao walikuwa watu wa nje waliokaribishwa. Wimbo ni ombi la watu wa nje, lililotolewa kwa kinywa chao wenyewe.

Tafsiri itakayoweka katika mstari wa kwanza neno lisiloweza kuunganishwa na "sisi" itakuwa imeupasua wimbo vipande viwili: nusu ya kwanza mwimbaji ataomba kwa ajili ya watu fulani walio mbali, na nusu ya pili ataomba kwa ajili yake mwenyewe, bila kujua kwamba ni ombi moja.

4. Maneno yaliyopo

Tuyapime sasa maneno ambayo Kiswahili kinayatoa.

(a) Washenzi. Kwa upande wa mizani neno hili linavutia sana. Mstari wa Luther una mizani saba, na "Mwokozi wa washenzi" ni saba kamili: mwo-ko-zi-wa-wa-she-nzi. Mkazo unaangukia silabi ya pili na ya sita, kama ulivyo katika mstari wa kwanza wa Kijerumani. Mfasiri anayehesabu silabi tu angeweza kudhani amebahatika.

Lakini neno hili lina historia katika Maniema. Pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini wala adabu za mji. Tangu miaka ya 1870, Kasongo ilipokuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, na Kabambare ikawa kituo katika njia ya kutoka Ziwa Tanganyika, jozi hiyo ilihamia huko pamoja na misafara. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha huko Berlin mwaka 1902 na 1903, Tippu Tip analitumia neno "washenzi" kwa watu wa bara kwa wepesi wa mtu anayetaja jina la mto.

Hata hivyo mpaka wa maneno hayo haukusimama mahali pamoja. Katika Maniema waungwana hawakuwa tena watu wa pwani walio huru peke yao. Vijana wa Wazimba, Wakusu na Wabangubangu waliojiunga na misafara au waliochukuliwa nayo, wakavaa kanzu, wakaswali na kusema Kiswahili, nao waliitwa waungwana. Jina la Kingwana, ambalo John Whitehead na mwenzake walilitumia katika kitabu chao cha sarufi kilichochapishwa Wayika, kando ya Lualaba, mwaka 1928, limetokana na hao. Mtu yule yule aliyekuwa mshenzi machoni pa Mwunguja aliweza kuwa mwungwana machoni pa jirani yake wa kijijini. Neno lilikuwa kama ngazi: kila mmoja aliitazama daraja ya chini yake.

Baada ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo kuiteka Kasongo mwezi Aprili 1893 na Kabambare mwezi Januari 1894, watawala wapya waliliondoa jeshi la Waarabu lakini neno lao wakalihifadhi. Katika Kifaransa cha koloni, "basenji" likawa jina la Mwafrika wa kijijini asiyesoma. Hata mbwa wa Kongo asiyebweka, anayefugwa leo Ulaya na Marekani, anaitwa Basenji. Neno lililopita mikono hiyo yote haliwezi kuwekwa katika kinywa cha mwimbaji wa Kabambare kana kwamba limetoka kamusini jana.

(b) Makafiri. Neno hili ni la mtazamo wa dini, na mwenye nalo ni Mwislamu. Katika mji kama Kasongo, ambamo msikiti na kanisa vinasikilizana sauti, Mkristo hawezi kujiita kafiri bila kuonekana anakubali hukumu ya mwingine, wala hawezi kumwita jirani yake hivyo bila kuanzisha ugomvi. Kwa vyovyote halisemeki na "sisi".

(c) Wapagani. Hili limeletwa na wamisionari kutoka Kilatini na Kifaransa. Kosa lake ni kwamba linamhusu mtu ambaye hajabatizwa. Mwimbaji aliyebatizwa analiimba akimwangalia babu yake, si akijiangalia mwenyewe. Wimbo unageuka kuwa wa shukrani kwamba sisi si wale.

(d) Ulimwengu. "Mwokozi wa ulimwengu" ni maneno salama, na ndiyo njia ya Jenny. Lakini usalama wake una gharama. Ulimwengu hauna nje. Anayeimba hivyo hatamki tena kwamba aliwahi kuwa mgeni mlangoni.

(e) Mataifa. Hili ndilo neno la Biblia za Kiswahili kwa wasio Waisraeli, nalo linaurudisha, angalau kwa msomaji wa Maandiko, ubeti wa Ambrosi uliokatwa. Halina tusi ndani yake. Lakini nalo lina mizigo miwili. Kwanza, katika mazungumzo ya makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kongo, "watu wa mataifa" yamekuwa maneno ya kuwaita wasioamini; ngazi ile ile ya waungwana na washenzi imejengwa upya kwa mbao nyingine. Pili, tangu mwaka 1960, na hasa tangu kuundwa kwa MONUC mwaka 1999, Mkongomani husikia "mataifa" na kuwakumbuka askari wa Umoja wa Mataifa. Ombi la Majilio halikukusudia kungoja ndege ya kofia za buluu.

Hata hivyo mizigo hii miwili si ya kiini cha neno. Inatokana na neno kuachwa lisimame katika nafsi ya tatu. Hapo ndipo sarufi ya Kiswahili inapoweza kufanya kazi ambayo Kijerumani hakikuweza.

5. Msaada wa sarufi

Kijerumani cha Luther kinasema "wa Heiden", basi. Msikilizaji aachiwe kung'amua kama yumo au hayumo, mpaka ubeti wa sita umfunulie. Kiswahili kina njia ya kulimaliza jambo hilo mwanzoni. Jina la watu linaweza kuambatanishwa na nafsi ya kwanza: sisi wakulima, sisi wana wa Lualaba, sisi mataifa. Vilevile kivumishi -ote hubadilika kwa nafsi: wote ni wao, nyote ni ninyi, sote ni sisi. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku ya Maniema watu wengi husema "sisi wote". Lakini "sote" inaeleweka, na ni mojawapo ya tofauti ndogo ambazo lugha ya ibada inaweza kuzihifadhi kwa faida.

Tunapendekeza, basi, mwanzo wa namna hii:

Njoo kwetu mataifa,
Mkombozi wetu sote.

Tuutazame kwa karibu. "Kwetu mataifa" kunamfanya kila anayeimba awe mmoja wa mataifa. Hawezi tena kumnyooshea mtu kidole. Zaidi ya hayo, "kwetu" katika Kiswahili ni nyumbani pia. Aliye nje ana nyumba, na anamkaribisha mgeni wake. Jambo hili halimo katika Kijerumani wala katika Kilatini, lakini linapatana vizuri na ujumbe wa Majilio, ambao ni wa mtu anayekuja. Atakayependa kusema "kuya" badala ya "njoo", kama isemwavyo katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, hataharibu hesabu: zote ni mizani mbili.

Kuhusu mizani, kila mstari wa pendekezo letu una nane. Hapa tunamwacha Luther na kurudi kwa Ambrosi, ambaye ubeti wake una mistari minne ya silabi nane. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atalitambua umbo hilo mara moja: ndilo umbo lililozoeleka la ubeti wa utenzi, vipande vinne vya mizani nane. Hatudai kuwa kuna udugu wowote wa kihistoria kati ya Milano na Pate. Tunasema tu kwamba nyumba ilikwisha kujengwa, na mgeni anaweza kuingia bila kuinama. Jambo la pili linasaidia pia: Luther katika wimbo huu anahesabu silabi na hashiki mkazo kwa ukali, kama mshairi wa Kiswahili anavyofanya. Nyimbo nyingi za Kijerumani zinazomaliza kila mstari kwa silabi yenye mkazo huupotosha usemi wetu, maana Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Huu unaweza kuvumilia.

Anayetaka kuimba kwa sauti ya Luther yenye noti saba hatashindwa. "Mataifa" katika usemi wa haraka hutamkwa kwa silabi tatu, "-tai-" ikiwa moja, na "m" ya "Mkombozi" inaweza kubebwa na noti ya silabi inayofuata. Walimu wa kwaya hufanya marekebisho ya namna hiyo kila Jumapili bila kuandika makala.

6. Mkombozi au Mwokozi?

Tumeandika "Mkombozi" ingawa Luther ameandika "Heiland", ambalo ni mwokozi na mponyaji. Hapa tena tunamfuata Ambrosi. "Redemptor" ni mtu anayenunua tena kilichokwisha kuuzwa, na "komboa" katika Kiswahili ni hivyo hivyo: kukitoa kitu katika rehani, au mtu katika utumwa, kwa kulipa. Kwingineko neno hilo linaweza kuwa la mafumbo tu. Katika njia ya kutoka Kabambare kwenda ziwani lilikuwa na maana ya sokoni. Watu waliuzwa, na baadhi yao walikombolewa. Misheni za kwanza za Mapadri Weupe kando ya Ziwa Tanganyika zilianza kwa kiasi kikubwa na watoto waliokombolewa. Wimbo unaotumia neno hilo unaitaja historia hiyo bila kuihubiri.

7. Pingamizi moja

Atakuwapo atakayesema kwamba tunaulainisha wimbo. Luther, atasema, alitaka mwimbaji anyenyekee. "Heiden" ni neno gumu, basi na Kiswahili kiweke neno gumu. Mwimbaji akubali kwamba mbele ya Mungu yeye ni mshenzi.

Pingamizi hili lina uzito. Hata Wasaksoni, wahenga wa watu wa Luther, hawakuitwa "wapagani" kwa upole: vita vya Karolo Mkuu juu yao vilidumu, kwa vipindi, toka mwaka 772 hadi 804, na ubatizo wao ulifuata upanga. Lakini kati ya upanga huo na kalamu ya Luther ilipita miaka zaidi ya 700. Neno lilikuwa limepoa. Hakuna Mjerumani wa mwaka 1524 aliyekuwa na bibi aliyefungwa mnyororo huku akiitwa hivyo. Kati ya kuanguka kwa Kabambare na leo imepita miaka kama 130, na neno "mshenzi" bado ni tusi linaloweza kuleta watu mbele ya chifu. Unyenyekevu ni mtu kujishusha mwenyewe. Kulirudia jina ulilopewa na aliyekuteka ni jambo jingine, na haifai wimbo uyachanganye hayo mawili.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno moja katika mstari wa kwanza linaamua kama beti nane za wimbo zitakuwa ombi moja au mawili. Ushahidi mkuu ni wa ndani ya matini: "sisi" wa ubeti wa sita. Ushahidi wa pili ni wa historia ya maneno katika Maniema ya kusini, ambako mwungwana na mshenzi walikuwa mara nyingi watoto wa kijiji kimoja. Neno "mataifa" linafaa, kwa sharti kwamba liambatane na nafsi ya kwanza.

Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti wangefanya vizuri kuzichunguza kwa njia hii nyimbo nyingine zinazoimbwa majimboni mwao, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, na kaswida pia, wakiuliza kila mara ni nani aliye ndani ya "sisi" na ni nani aliyeachwa nje. Viwakilishi vya nafsi ni maneno mafupi, na wafasiri huyapita upesi. Katika nchi ambayo jina la lugha yenyewe limetokana na kuwatenga watu, hayo ndiyo maneno ya kuanza nayo.